Nyumba Kuukuu Waliyopewa Watoto wa Brooklyn

Mji wa New York una nyumba nyingi sana za makumbusho, na mgeni atakaye kuziona zote hana budi kutenga si siku bali miezi. Aghalabu wageni hupelekwa Manhattan, kwenye majumba yenye ngazi za mawe na nguzo nene, wakaonyeshwa mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, maiti za Misri zilizokaushwa, na picha ambazo bei ya moja ingetosha kujenga skuli kumi. Jioni hurudi hotelini miguu inawauma, nao husema wameiona New York. Wachache mno huvuka Mto East kwenda Brooklyn kutazama nyumba ya makumbusho iliyo ya kwanza ulimwenguni kuwekwa kwa ajili ya watoto. Nasema kuwekwa, wala sisemi kujengwa, kwa maana hapo mwanzo watoto hawakujengewa kitu. Walipewa nyumba kuukuu iliyobaki baada ya wakubwa kuhamisha vitu vyao, na habari ya nyumba hiyo inastahili kujulikana na kila mzazi na kila mwalimu.

Njia ya kwenda huko si ngumu. Msafiri hupanda gari moshi la chini ya ardhi lenye namba 3, akashuka katika stesheni ya Kingston Avenue, na akimaliza ngazi hujikuta juu ya Eastern Parkway, barabara pana yenye safu za miti pande zote mbili. Hapo karibu yapo makao makuu ya Wayahudi wa madhehebu ya Lubavitch, na msafiri ataona wanaume wenye ndevu, makoti meusi na kofia nyeusi, wakienda kwa haraka kana kwamba kila mmoja amechelewa mahali. Akiishika Kingston Avenue upande wa kaskazini, kabla hajapita mitaa sita mambo yamekwisha badilika: sauti anazosikia madukani ni za watu ambao asili yao ni Jamaica, Trinidad, Barbados, Guyana na Haiti. Sehemu hii yote huitwa Crown Heights. Afikapo St. Marks Avenue na apinde mkono wa kushoto, apite mtaa mmoja, na penye pembe ya Brooklyn Avenue ataona jumba la rangi ya njano, njano hasa kama embe lililoiva, lenye kuta za kupinda na madirisha ya duara kama ya meli. Kuta hizo zimevikwa vigae vidogo vidogo 8,100,000. Hata mtoto asiyejua kusoma hawezi kupotea. Huliona tangu mbali.

Rangi hiyo ya njano ni ya mwaka 2008. Nyumba ya makumbusho yenyewe ni ya zamani zaidi, na mtu akitaka kuielewa hana budi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Zamani hizo Brooklyn ulikuwa mji kamili, wenye meya wake na fahari yake. Tarehe 1 Januari 1898 ukaunganishwa na New York, ukawa mojawapo ya sehemu tano za mji mmoja mkubwa. Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 1900 ilionyesha kuwa Brooklyn peke yake ina watu 1,166,582. Kulikuwa na chama cha elimu kilichoitwa Brooklyn Institute of Arts and Sciences, nacho asili yake ilikuwa maktaba iliyoanzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya vijana waliokuwa wakijifunza kazi za mikono, ambao hawakuwa na fedha za kununulia vitabu. Jiwe la msingi la nyumba ya maktaba hiyo liliwekwa mwaka 1825 na Lafayette, yule jemadari Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru, na miongoni mwa watoto waliohudhuria siku ile alikuwamo Walt Whitman, mwenye umri wa miaka sita, ambaye baadaye alikuwa mshairi mkubwa wa nchi hiyo. Basi chama kile kilianza kwa kuwafikiria vijana maskini. Kilipokua na kupata mali, kama ilivyo desturi ya vyama, kikazidi kuwa mahali pa watu wazima wenye miwani.

Mwaka 1897 chama kilifungua jumba jipya la makumbusho juu ya Eastern Parkway, jumba la fahari kubwa lililochorwa na wasanifu mashuhuri McKim, Mead na White. Kabla ya hapo vitu vyake vingine vilikuwa vimewekwa katika nyumba ya zamani ya tajiri mmoja, iliyojulikana kama Adams House, katika bustani ya Bedford Park, ambayo siku hizi huitwa Brower Park. Vitu vizuri vilipopata makao mapya, nyumba ile ikabaki. Ilikuwa na vyumba ambavyo havikupangwa kwa maonyesho, ilikuwa mbali na jumba kubwa, na hapana aliyeihitaji sana. Ndipo William Henry Goodyear, aliyekuwa mtunzaji wa vitu vya sanaa wa chama hicho, akatoa shauri kwamba nyumba hiyo wapewe watoto. Shauri likakubaliwa, na tarehe 16 Desemba 1899 milango ikafunguliwa.

Sote tunajua kwamba sufuria ya wali ikipakuliwa, nyama na wali mweupe hutangulia kwa wageni na kwa baba, na watoto huachiwa ukoko. Ndivyo ilivyokuwa Brooklyn. Lakini anayewajua watoto anajua pia kwamba ukoko wanaupenda, tena huugombania. Hapakuwa na fedha za kununulia vitu vya thamani, kwa hiyo walioisimamia nyumba walikusanya vitu ambavyo mtu mzima angevipita bila kuvitazama mara mbili: mifano ya maua na ya viungo vya wanyama, picha kubwa za kutundika ukutani, ndege waliokaushwa, makome ya pwani, vipepeo na mawe ya madini. Siku zile katika nyumba nyingi za makumbusho mtoto alikuwa kero. Makabati yalikuwa marefu, maelezo yaliandikwa kwa maneno ya wataalamu, na mlinzi alisimama pembeni akingoja mtu aguse ili amkemee. Katika Adams House vitu viliwekwa chini, kimo cha macho ya mtoto, na maelezo yakaandikwa kwa maneno ambayo mtoto aliyejifunza kusoma juzi angeweza kuyafuata. Mambo hayo yaonekana madogo leo. Wakati ule hapakuwa na nyumba nyingine kama hiyo duniani.

Hata hivyo, nyumba ni nyumba tu mpaka ipate mwenye kuijua. Miaka mitatu baada ya kufunguliwa, yaani mwaka 1902, akaja mwanamke aliyeitwa Anna Billings Gallup kuwa msaidizi. Alizaliwa mwaka 1872 huko Ledyard, katika jimbo la Connecticut. Alikuwa mwalimu kwa kazi yake, naye alikuwa amefundisha Hampton Institute katika Virginia, skuli iliyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, kisha akasoma elimu ya viumbe katika chuo kikubwa cha ufundi cha Massachusetts, akamaliza mwaka 1901. Wakati huo si wanawake wengi waliopata elimu ya namna hiyo, na walioipata hawakupewa nyumba za makumbusho kuzitawala. Mwaka 1904 Bibi Gallup akafanywa mtunzaji mkuu. Akashika kazi hiyo mpaka mwaka 1937, miaka thelathini na mitatu.

Jambo alilolishikilia Bibi Gallup ni kwamba mtoto lazima aingie akijua kuwa nyumba yote ni yake: vyumba ni vyake, vitabu ni vyake, wafanyakazi wako pale kwa ajili yake wala si kwa ajili ya babake. Mwaka 1908 alieleza kazi hiyo katika gazeti la Popular Science Monthly ili wengine waige. Katika nyumba yake palikuwa na nyuki hai wakifanya kazi nyuma ya kioo, na mtoto angeweza kusimama hapo hata akachoka kuwatazama. Palikuwa na darubini za kukuzia vitu vidogo, na mtoto alitazama mwenyewe, si kuambiwa mwalimu ameona nini. Palikuwa na maktaba humo humo ndani, hata aliyeona ndege kabatini aweze kwenda chumba cha pili kusoma habari zake. Kulikuwa na vyama vya watoto wenyewe, wakiyajifunza mawe, wadudu na miti, na kwenda mashambani kuvitafuta. Vitu vingine viliazimishwa skuli, vikasafiri katika masanduku kwenda kwa watoto wasioweza kufika. Tena kiingilio hakikuwapo.

Hili la kiingilio si dogo. Brooklyn ya wakati ule ilijaa watu waliotoka Ulaya juzi tu, Wayahudi wa Urusi, Waitaliani na wengineo, wakiishi familia nzima katika vyumba viwili. Watoto wao walikuwa na njia ya barabarani kuwa uwanja wao wa kuchezea, katikati ya magari ya farasi na matramu. Mtoto wa namna hiyo akikuta mlango ulio wazi, ndani mna joto wakati wa baridi, na mtu mzima anayemuuliza umekuja kuona nini, hawezi kukosa kurudi. Walirudi, na wakaleta wenzao, hata vyumba vikawa havitoshi.

Kati ya habari zote za miaka hiyo, inayonipendeza mimi kuliko nyingine ni ya simu ya upepo. Ufundi wa kupeleka habari bila nyaya ulikuwa bado mpya kabisa. Watu wazima wengi hawakuuamini. Wavulana waliokuwa wakija kwenye nyumba ile wakaanza kujifunza elimu ya umeme chini ya mwalimu, na mnamo mwaka 1907 wakawa na mtambo wao wa simu ya upepo humo humo katika nyumba kuukuu, wakipokea na kupeleka habari. Haukuwa mchezo. Baadhi yao walipokua walipata kazi ya kuendesha simu ya upepo katika meli, wakati ambapo meli zilikuwa zikitafuta watu wenye ujuzi huo na haziwapati. Mzazi aliyedhani kwamba mwanawe anapoteza wakati akicheza na nyaya kwenye nyumba ya makome, alimwona akirudi nyumbani na mshahara wa baharia.

Pamoja na hayo yote, Bibi Gallup alikuwa na haja moja ambayo hakuipata. Tangu mapema alitaka nyumba mpya, iliyochorwa kwa ajili ya watoto tangu msingi hata paa. Aliomba, aliandika, alizungumza na wakuu wa mji na wenye mali. Wanawake wa mji wakaunda chama cha kumsaidia kukusanya fedha. Nyumba mpya haikuja. Kilichokuja, mwaka 1929, ni nyumba kuukuu ya pili, jumba la jirani lililokuwa la L. C. Smith, katika bustani ile ile. Basi zikawa nyumba mbili za kale badala ya moja. Mwaka huo huo mwishoni mambo ya fedha ya Marekani yakaanguka, na kwa miaka mingi hapakuwa na wa kujenga jumba la watoto. Katika shida hiyo kilipatikana kitu kimoja cha faida: serikali, katika mpango wake wa WPA wa kuwapa kazi watu wasiokuwa nayo, ilileta wafanyakazi katika nyumba ile, wakasaidia kutengeneza maonyesho na kufundisha. Mwaka 1937 Bibi Gallup akastaafu, naye akafa mwaka 1956 bila kuliona jumba alilolitaka.

Lakini mbegu zilikuwa zimekwisha kurushwa mbali. Mwaka 1913 waalimu wa sayansi wa Boston walianzisha nyumba ya namna hiyo, nao pia katika jumba la zamani, karibu na ziwa dogo la Jamaica Pond. Detroit ukafuata mwaka 1917. Mwaka 1924 mwanamke mmoja tajiri wa Indianapolis, Mary Stewart Carey, alifika Brooklyn akaiona nyumba ya Bibi Gallup, akarudi kwao akiwa na shauri moja tu kichwani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanza makumbusho ya watoto ya mji wao, na mahali pao pa kwanza palikuwa banda la kuwekea magari ya farasi. Watoto wenyewe waliombwa walete vitu kutoka makwao, nao wakavileta. Mwaka 1927 Bibi Carey akatoa nyumba yake mwenyewe itumike. Leo makumbusho ya Indianapolis ndiyo makubwa kuliko yote ya watoto ulimwenguni, yenye gari moshi la kale ndani yake na mifupa ya wanyama wakubwa wa zamani. Binti amemzidi mama kimo, jambo ambalo hutokea katika jamaa nyingi na halina aibu.

Turudi Brooklyn, maana huko mambo hayakwenda kwa wepesi. Baada ya vita kuu ya pili, wakazi wengi wa kizungu wa mtaa ule walihama, wakaenda kuishi nje ya mji katika nyumba zenye bustani. Mahali pao pakashikwa na watu weusi, wengine wametoka majimbo ya kusini ya Marekani, wengine wametoka visiwa vya Karibi. Fedha zikafuata waliohama. Watu wasiojua hudhani mtaa huoza kwa sababu ya waliouingia. Mara nyingi huoza kwa sababu benki na wakuu wa mji wamegeuza nyuso zao. Kufikia miaka ya 1960 zile nyumba mbili zilikuwa zimechakaa mno, na mwishoni mwa miaka hiyo zikabomolewa. Makumbusho ya kwanza ya watoto ulimwenguni hayakuwa na nyumba hata moja, hata ile kuukuu.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari hasa. Ilikuwa rahisi kuyafunga, au kuyahamishia mahali ambapo wenye magari wangeyafikia, na makumbusho ya kwanza yangebaki jina katika vitabu. Yalibaki Crown Heights. Mwaka 1968 yakafungua milango katika jengo la Bedford Avenue ambalo awali lilikuwa duka la kuonyeshea motakaa na ukumbi wa kuchezea biliadi. Mahali hapo paliitwa MUSE. Mtu aliyezoea kusikia kwamba makumbusho ni nguzo na ukimya angeshangaa, kwa maana hapa palipigwa ngoma. Bill Barron, mpulizaji saksafoni, alisimamia mafunzo ya muziki wa jazi, na vijana wa mtaani wakajifunza bila kwenda mbali na nyumbani. Watu wazima nao waliingia jioni pamoja na watoto. Kwa maoni yangu miaka ile ya ukumbi wa biliadi ndiyo iliyoyaokoa makumbusho hayo, kwani watu wapya wa mtaa waliyajua kuwa ni yao kabla hayajapata jengo jipya. Jambo hilo lingefanywa kinyume, jengo likatangulia na watu wakafuata, labda lingekuwa na vioo vilivyovunjwa.

Jengo likaja mwaka 1977, miaka ishirini na mmoja baada ya kifo cha Bibi Gallup, katika bustani ile ile ya zamani. Lilichorwa na wasanifu Hardy, Holzman na Pfeiffer, nao walifanya kitu cha ajabu: walilizika. Sehemu kubwa ya jengo ilikuwa chini ya ardhi ili bustani isipungue kwa ajili ya watoto wa mtaa, na juu ya paa watu walitembea. Mlango ulikuwa kibanda cha chuma cha zamani, kilichotumiwa na abiria wa tramu kwenye daraja la Queensboro tangu mwanzo wa karne. Mtoto aliingia kibandani, kisha akateremka ndani ya bomba kubwa la chuma la namna ile inayowekwa chini ya barabara kupitisha maji ya mvua, likiwa na taa za rangi kulizunguka, na kijito cha maji halisi kikitiririka kando ya miguu. Maji hayo aliruhusiwa kuyachezea. Wasanifu wangeweza kutumia marmari. Walitumia mabomba na vibanda vikuukuu. Naona walikuwa wameisikia habari ya Adams House.

Yafaa kutaja jambo moja la huzuni pia. Mwezi wa Agosti 1991, gari lililokuwa katika msafara wa kiongozi wa Wayahudi wa Lubavitch lilipoteza njia penye njia panda, likawagonga watoto wawili wa familia iliyotoka Guyana, na mmoja wao, mvulana wa miaka saba, akafa. Usiku ule kijana mmoja Myahudi akachomwa kisu, naye akafa. Kukawa na ghasia kwa siku tatu. Mitaa ile ile ambayo msafiri huipita leo kutoka stesheni ilijaa mawe na polisi. Jamii zote mbili zilikuwa zikiwaleta watoto wao katika makumbusho hayo, ila kutazama kitu kimoja kabatini si sawa na kujuana. Katika miaka ya 1993 na 1994 makumbusho ya watoto yaliungana na jumba la historia ya Brooklyn pamoja na chama cha Weeksville, katika kazi ya kukusanya habari za watu wa Crown Heights kutoka vinywani mwao wenyewe, Wayahudi, Wakaribi na Wamarekani weusi, na kuzionyesha kwa maonyesho. Weeksville, kwa asiyejua, ni kijiji kilichoanzishwa na watu weusi walio huru mwaka 1838, na nyumba zake chache za mbao zingali zimesimama, mwendo si mrefu kutoka makumbusho. Msafiri mwenye nafasi na aende pia, mimi singeiacha.

Maonyesho hayaondoi uchungu wa mama aliyefiwa. Lakini tukumbuke ni wakuu wangapi waliotoa hotuba mwaka ule na kwenda zao, na nyumba ya watoto ikabaki pale pale, mlango wazi, ikipokea watoto wa pande zote mbili siku ya Jumapili.

Jengo la mwaka 1977 lilipoonekana dogo, msanifu Rafael Viñoly, mzaliwa wa Uruguay, akalifunika na kuliongeza, na mwezi wa Septemba 2008 likafunguliwa hilo la njano. Eneo lake likawa mara mbili ya lile la kwanza. Lilikuwa jumba la kwanza la makumbusho katika New York kupewa cheti cha majengo yasiyopoteza nguvu za umeme wala kuharibu mazingira. Hutumia hali ya joto iliyo chini ya ardhi kupasha na kupoza vyumba. Siku ya kufunguliwa palikuwa na mtaa mdogo wa maduka ya kimo cha watoto, yaliyoigwa kutoka maduka ya Brooklyn yenyewe: la mikate ya Kimeksiko, la piza, na moja la bidhaa za Afrika Magharibi, ambamo mtoto angeweza kuuza na kununua vitambaa bila senti mfukoni. Mtoto ambaye mama yake ana duka kama hilo mtaa wa pili huyaona maisha ya nyumbani kwao yamewekwa katika makumbusho, mahali ambapo zamani aliona vitu vya wafalme tu.

Ghala lina vitu karibu 30,000. Mna mawe na makome ya miaka ya mwanzo, wanasesere, vinyago, ngoma, na mifupa kamili ya tembo wa Asia. Mwenye haraka na atazame huyo tembo, kisha aende kwa wanyama walio hai, kwa maana ndiko watoto wanakokwenda, na watoto katika nyumba hii wanajua njia kuliko wakubwa. Mtu mzima asiyekuwa na mtoto atajiona kama mgeni asiyealikwa. Heri aazime mpwa.

Atokapo, msafiri na apite katikati ya Brower Park. Hapo ndipo Adams House na ile ya jirani yake zilipokuwa zimesimama. Halikubaki tofali wala kizingiti. Pana majani, miti mikubwa na viti vya mbao, na saa za kutoka skuli wanawake hukaa hapo wakizungumza Kiingereza cha Karibi na Kikrioli cha Haiti, mikoba ya watoto imerundikwa miguuni pao, wakingoja walio ndani watoke. Huwangoja sana.